Nani Aliua Hedi?

Jumatatu moja mwaka 2022, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja karibu na River Road, Nairobi, tulisimama watu wanne tukikodolea macho karatasi. Ilikuwa karatasi ya cheki, ile ambayo printa huchapa vistari vyembamba, kila nozeli na kistari chake, ili fundi ajue nani ameripoti kazini na nani hajafika. Hedi ya wino mweupe ilikuwa na nozeli 1280 katika safu nne. Safu mbili zilikamilika kama meno ya kitana kipya. Mbili zilizobaki zilikuwa vibogoyo.

Printa yenyewe ilikuwa ya UV, pana kama kitanda cha watu wawili, ya kuchapa juu ya mbao, bati, vioo na vibao vya plastiki. Bosi aliinunua kwa mkopo. Hedi moja ilikuwa na bei kuliko mishahara yangu ya miezi minane. Sasa mkononi alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kuoshea ile mashine nyingine, ya mabango, ambayo wino wake ni wa ukoo tofauti kabisa.

"Nani ameosha hedi yangu na hii?"

"Ni mimi, bosi," fundi akasema. "Jumamosi asubuhi nilikuta laini zimeanza kupotea, na dawa yake ilikuwa imeisha. Lakini si hiyo imeiua."

"Kama si hiyo ni nini?"

Fundi hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa nalo na sikujua kwamba ninalo. Nilikuwa na miaka 22, nimeacha chuo mwaka wa pili, na kazi ile ndiyo iliyolipa chumba changu. Nikanyamaza. Fundi akakatwa mshahara miezi mitatu, na wa nne hakurudi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya kile kipande cha chuma na fuwele, mwanzoni kwa udadisi tu.

Fundi yule ndiye aliyenifundisha kusoma cheki. Alisema, "Kijana, usikimbilie kusugua. Chapa cheki tatu kwanza." Pengo likihama, kwamba sasa hivi imekosekana nozeli ya 40 na dakika mbili baadaye ni ya 112, hiyo ni hewa, au wino haufiki vizuri. Angalia chujio, angalia pampu, angalia ule mvuto wa kurudisha wino juu. (Hedi hushikilia wino wake kwa kuunyonya kidogo kutoka juu. Bila hivyo ungedondoka wenyewe kama mfereji mbovu. Ukiunyonya kupita kiasi, hewa inaingilia kwenye nozeli.) Kistari kikiwapo lakini kimepinda, kuna uchafu mdomoni. Nozeli zikipotea kwa mpangilio wa kushangaza, safu nzima kwa mpigo au moja kati ya kila mbili, shuku umeme kabla ya kushuku wino: zima mashine, badilishanisha nyaya bapa za hedi mbili, washa. Kosa likihama pamoja na waya, shida ni bodi. Likibaki na hedi, ni hedi. Halafu kuna pengo ambalo halihami na halipungui hata usafishe mara kumi. Hapo kuna kitu kimeganda, au fuwele yenyewe imekufa.

Pengo letu lilikuwa la aina hiyo ya mwisho. Wino mweupe una balaa lake la ziada, maana weupe wake ni unga wa titani dioksidi, uleule wa rangi za ukuta, na unga huo ni mzito. Mashine ikilala siku mbili bila kukorogwa, unazama chini kama togwa. Lakini tulikuwa tumeukoroga. Hilo nalikumbuka.

Kesi ya aina hii ni ya zamani kuliko printa. Mnamo Agosti 1858 kebo ya kwanza ya simu ya maandishi ilikamilika chini ya Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Malkia Victoria akamtumia Rais Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98, ambazo zilichukua kama saa 16 kupita. Wiki chache baadaye kebo ilikuwa maiti. Aliyelaumiwa ni Wildman Whitehouse, daktari wa upasuaji aliyejifunza umeme mwenyewe na kuwa fundi mkuu wa umeme wa kampuni. Signali zilipokuwa dhaifu, alisukuma kebo kwa umeme wa takriban volti 2000. Akafutwa kazi, na jina lake likabaki kwenye vitabu kama la mtu aliyeua kebo. Kosa lake lilikuwa la kweli. Ila kebo ile ilitengenezwa kwa haraka, ubora wake ukapimwa kwa kubahatisha, na sehemu yake ilikuwa imeachwa juani hadi utomvu wa gutta-percha unaofunika shaba ukalainika, waya ukahama kutoka katikati. Wanahistoria wengi siku hizi wanaona kwamba ingekufa tu, volti 2000 au zisiwepo. Whitehouse alikutwa ameshika chupa.

Ninamleta Whitehouse hapa pia kwa sababu ya mpinzani wake. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliamini kwamba dawa ya signali dhaifu ni sikio zuri, na kupiga kelele zaidi hakusaidii. Alitundika kioo kidogo sana kwa uzi wa hariri, sumaku ndogo nyuma yake, akakimulikia taa. Umeme kidogo ukifika, kioo kinageuka, na doa la mwanga linatembea kwenye rula. Karani mmoja analitazama doa, mwingine anaandika. Kazi ya kuumiza macho, na haikuacha kumbukumbu yoyote. Karani akikosea, hakuna wa kumbishia.

Kwa hiyo mwaka 1867 Kelvin akasajili chombo kingine, na hapa ndipo babu wa printa anapoingia. Alichukua mrija wa kioo mwembamba kama unywele, mwisho mmoja ukanywe wino, mwingine ukae juu ya utepe wa karatasi unaotembea. Tatizo ni kwamba mrija ukigusa karatasi, msuguano unaushinda nguvu ule umeme dhaifu. Basi akauzuia usiguse. Aliupa wino chaji ya umeme ili uruke wenyewe, matone kwa matone, hadi kwenye karatasi. Wino kuruka hewani kufuata amri ya umeme: hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya River Road, miaka 155 baadaye.

Na hitilafu zake tunazijua. Mrija uliziba. Hewa ikiwa na unyevu, chaji ilivuja na wino ukagoma kuruka, hadi mafundi wakabuni kuutikisa mrija badala ya kuutia chaji. Sisi tulikuwa na ugonjwa huohuo kinyumenyume: Januari, Nairobi ikiwa kavu, ukibandua ile nailoni ya juu ya kibao cha plastiki kinabaki na chaji, na matone yanavutwa kando kama ukungu. Fundi alikuwa akipangusa kibao kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuchapa. Sikuwahi kumuuliza alijifunzia wapi.

Vyombo vya aina ya Kelvin ndivyo vilivyotumika kwenye kebo za baharini kwa miongo mingi, na moja ya kebo hizo ilifika kwetu. Waingereza walipopigwa na Wazulu pale Isandlwana Januari 1879, habari zilichukua karibu wiki tatu kufika London. Serikali ikafungua mkoba, na mwaka uohuo kebo ikalazwa kutoka Aden hadi Zanzibar, Msumbiji na Durban. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890. Ukifundishwa historia ya ukoloni darasani unasikia reli, reli, reli. Kebo ilitangulia.

Mwaka mmoja baada ya Zanzibar kuunganishwa, mjini Paris, ndugu wawili waliminya fuwele. Jacques Curie na mdogo wake Pierre, ambaye alikuwa na miaka 21, waligundua kwamba fuwele kama kwatzi ukiiminya inatoa chaji ya umeme. Huo ulikuwa mwaka 1880. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akapiga hesabu kuonyesha kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli: ukiipa fuwele umeme, itajinyoosha au kujibana. Ndugu wale wakarudi maabara, wakakuta ni kweli. Katika hedi ya printa, ukuta wa kila kijia cha wino una kipande cha seramiki ya namna hiyo, mchanganyiko wa risasi, zirkoni na titani uliotengenezwa miaka ya 1950. Umeme ukipita, ukuta unajikunja kwa kipimo kidogo mno kuonekana, wino unaminywa, tone linatoka. Maelfu ya mara kwa sekunde.

Kutoka fuwele hadi hedi palikuwa na safari, na sehemu kubwa ilipitia hospitali. Rune Elmqvist wa Sweden alisomea udaktari, akaishia kuwa mhandisi. Alitaka kuchora mapigo ya moyo kwa kasi ambayo kalamu haiwezi, kwa sababu kalamu ina uzito na inasugua karatasi, lile lile tatizo la Kelvin. Akatumia mchirizi wa wino kutoka mrija mwembamba wa kioo unaogeuzwa na umeme. Hataza yake ya Marekani ni ya 1951, na mashine iliyotokana nayo iliitwa Mingograf. Mwaka 1958 mtu huyohuyo alitengeneza kisaidia-moyo cha kwanza kupandikizwa ndani ya mwili wa binadamu. Mgonjwa aliitwa Arne Larsson. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache tu, Larsson akaishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa 26. Nikisoma hayo huwa nafikiri juu ya bosi wangu na hasira yake, na juu ya Larsson, ambaye angekuwa na haki ya kukasirika mara 25.

Miaka ya 1970 mambo yalienda mbio. Steven Zoltan, Kyser na Sears, wote Marekani, na Stemme kule Gothenburg, kila mmoja alibuni namna yake ya kuifanya fuwele imtoe tone pale tu linapohitajika, si mchirizi usiokoma. Siemens wakauza printa ya namna hiyo mwaka 1977. Mwaka uohuo Ichiro Endo wa Canon, Japani, inasemekana aligusisha chuma cha kulehemu chenye moto kwenye sindano ya wino, wino ukaruka, na wakapata wazo la kuchemsha wino badala ya kuuminya. Hadithi za kampuni kuhusu ajali zenye bahati mimi huzisikiza kwa sikio moja, lakini njia ya kuchemsha ilishinda mezani: ndiyo iliyojaa kwenye printa za bei rahisi za saiba. Epson wakashikilia fuwele, na mwaka 1993 wakatoa Stylus 800. Cambridge, Uingereza, kampuni ya Xaar ilianzishwa 1990 kwa ajili ya fuwele hizohizo.

Ugomvi huo uliamua hatima yetu. Wino wa kuchemshwa lazima uwe na maji au kitu kinachochemka upesi. Fuwele haijali. Itaminya chochote ambacho si kizito kupita kiasi: wino wa mafuta, rangi ya vigae, hata plastiki ya majimaji. Na wino wa UV ni plastiki ya majimaji.

Hili lilinichukua muda kuelewa, japo nililishika kila siku. Wino wa UV haukauki. Ukiumwaga gizani utakaa wiki nzima ukiwa mbichi. Ndani yake mna molekuli fupi za familia ya akriliki na kemikali kidogo inayosubiri mwanga wa UV, ule ambao kamusi zinauita urujuanimno. Mwanga ukiipiga kemikali ile, molekuli zinashikana mikono pande zote, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho majimaji yanakuwa gamba. Gamba hilo haliyeyuki tena. Dawa yenye nguvu ya kulila itakula kwanza gundi inayoshikilia hedi yenyewe. Wachapishaji wa kawaida walikuwa na wino wa namna hii tangu miaka ya 1970, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndipo ulipowekwa kwenye hedi za fuwele na kuchapa juu ya vitu bapa, milango, vigae, vibao. Ilikuwa neema kwa wenye mabango dunia nzima. Pia ilikuwa mara ya kwanza kuwa na wino ambao kitu kinachoukamilisha ndicho kinachoua hedi, na vyote viwili vinasafiri kwenye gari moja, taa hapa, nozeli pale, sentimita chache kati yao.

Kuna jambo moja la fuwele ambalo linaniuma. Kwa kuwa inafanya kazi pande zote mbili, inaweza kusikiliza. Baada ya kuminya wino, mtetemo unabaki kwenye kijia kwa muda mfupi, na fuwele ileile inaweza kuugeuza kuwa umeme wa kupimika. Kijia chenye hewa kinalia sauti moja, kilichoziba kinalia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, wakishirikiana na kampuni ya Océ, walichapisha kazi nzuri juu ya hili mwaka 2006: waliona jinsi wino ukitapakaa usoni mwa nozeli, vumbi linaweza kubeba kiputo cha hewa hadi ndani, na waliweza kukisikia kiputo hicho kupitia fuwele. Yaani hedi inaweza kutoa ushahidi. Printa yetu haikuwa na kifaa cha kuuliza.

Kwa hiyo shahidi alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimelala usingizi wa akili hadi mwaka jana, nilipopata kazi ya kuandika maelezo ya bidhaa za muuzaji mmoja wa vifaa vya uchapishaji. Nikasoma miongozo ya mashine, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mmoja kulikuwa na onyo fupi: usichape juu ya nyenzo zinazoakisi mwanga, na ikibidi, punguza nguvu ya taa na uweke hedi chini kadiri inavyowezekana, maana nafasi ikiwa kubwa mwanga unarudi juu.

Ijumaa usiku, kabla ya Jumamosi ya fundi, nilichapa akriliki ya kioo. Vibao 30 vya harusi, majina ya maharusi kwa wino mweupe, namba za meza. Kioo kabisa, unajiona uso. Vilikuwa vimepinda kidogo kwa joto la gari lililovileta, na kwa kuogopa visigonge hedi nikaipandisha. Fundi alikuwa amekwenda nyumbani. Nilikumbuka hata taa ilivyokuwa ikimeta darini kila gari la hedi lilipopita. Nikaona inapendeza.

Nilipotafuta ile karatasi ya cheki kwenye simu yangu ya zamani, niliipata, maana tulipiga picha kumtumia muuzaji. Safu zilizokufa ni mbili zilizo upande wa taa. Dawa ya mabango ingevamia safu zote nne bila kuchagua, maana fundi alipangusa uso mzima, na ingelainisha gundi hadi wino uvuje kutoka safu moja kwenda nyingine. Hewa ingehama. Umeme ungeua safu nzima, na hizi hazikufa nzima: zilikuwa na nozeli hai moja moja, nyingi zaidi kadiri unavyokwenda mbali na taa. Kitu pekee kinachochora umbo hilo ni mwanga uliorudi kutoka chini.

Nilimpigia fundi. Anafanya kazi Thika siku hizi, anatengeneza mashine za kukata stika. Nilimweleza yote, kioo, vibao, picha. Hakunikatiza.

"Uliipandisha kiasi gani?" akauliza.

"Milimita nne."

"Nne! Na taa?"

"Asilimia mia. Sikuigusa."

Akakaa kimya, nikasikia mashine ikikata nyuma yake. "Basi ni wewe," akasema. "Lakini ile dawa pia sikupaswa kuitumia. Ningechukua gari moshi la kwanza nikanunue ile ya haki."

Nikamuuliza alikatwa pesa ngapi kwa ile miezi mitatu. Alitaja. Namtumia elfu mbili kila tarehe 5. Mwezi uliopita alinirudishia ujumbe akitaka picha ile ya cheki, kwa sababu kuna kijana hapo Thika anayemfundisha, na ameletewa kazi ya vioo.